Rangi Nyeusi Ndani ya Ufa

Baba Mdogo,

Mwalimu wetu wa Kiswahili hutufundisha kwamba barua kwa jamaa huanza kwa salamu na kuuliza hali. Nimeandika salamu mara mbili na kuzikata mara mbili. Hali yako naijua. Shangazi Karimi ametuambia kwamba uko Kiambere, karibu na bwawa, unachomelea vizimba vya samaki na malango ya watu, na kwamba umenenepa. Sisi huku Kangeta tuna mvua na ukungu, na pikapu ya mama iko juu ya mawe nyuma ya jiko, pale pale ulipoiacha.

Barua hii ni ya wazi kwa sababu uongo wako ulikuwa wa wazi. Uliusema pale magari yanapopakia miraa, watu wakiwa wamejaa, nao wakaubeba mpaka majumbani mwao. Nilimwomba mama ruhusa ya kukuandikia hivi. Akasema, "Andika. Lakini usitukane." Kwa hivyo sitakutukana. Nitasema tu yale uliyoyafanya.

Wanaosoma na hawatujui wajue kwamba wewe ni ndugu mdogo wa baba yangu. Baba alipofariki nilikuwa darasa la tatu. Wewe ndiye uliyekuja na mashine yako ya kuchomelea, ukajenga kibanda cha mabati kando ya lango letu, ukamwambia mama kwamba hatakosa mwanamume wa kumfungulia lango. Mama alilia siku hiyo. Nakumbuka kwa sababu alilia huku akikumiminia chai, na chai ikafurika kikombe, nawe ukainywa kutoka kwenye sahani.

Nilikupenda, Baba Mdogo. Nalisema mapema ili usidhani nimelisahau. Nilifanya kazi zangu za shule juu ya pipa lako la mafuta lililogeuzwa. Ulinipigia kelele kila ulipotaka kuwasha: "Geuza macho, mwari! Moto huu hausalimiwi!" Nilipofika darasa la saba ulinipa kioo cheusi changu mwenyewe na ukanishika mkono kunionyesha jinsi ya kuvuta rodi ya kuchomelea. "Usiikimbize," ulisema. "Ifuate polepole, kama unafuata ng'ombe mnene." Kitu cha kwanza nilichochomelea ni kigoda cha mama cha jikoni. Kilitikisika. Ulikikalia, ukatikisika nacho, ukasema, "Hiki ni kigoda cha mtu asiye na nia ya kukaa." Tulicheka mpaka mama akatoka kuuliza ni nani amefika.

Wewe ndiye uliyenieleza chesisi ni nini. Ulisema ni vyuma viwili virefu vinavyolala sambamba chini ya gari, na kwamba injini, kebini, mzigo na dereva vyote vimekalia vyuma hivyo viwili. Barabara zetu za murram, zenye kokoto na mashimo, na uzito wa magunia huvichosha. Ndiyo maana pikapu nyingi za hapa huongezewa bamba la chuma ubavuni mwa chesisi. Ulichora mchangani kwa ncha ya rodi. "Tazama hapa. Mwisho wa bamba lazima ukatwe mshazari, uchongoke kama ulimi, ili uzito upite taratibu. Ukiukata wima na kuuchomelea wima, kutoka juu mpaka chini, umeionyesha chesisi mahali pa kuvunjikia." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliunakili mchoro huo nyuma ya daftari la sayansi. Ninalo bado.

Basi unieleze kuhusu likizo ya Aprili.

Dereva wetu alikuwa Mwenda. Sihitaji kukuambia wewe Mwenda ni nani, ila nitasema kwa ajili ya wengine. Aliendesha pikapu ya mama miaka minne. Ni mtu mzito wa maneno, anaimba besi kanisani, na madereva wenzake walimwita Askofu kwa sababu ya mwendo wake. Alipokuwa akiondoka walimpigia kelele, "Askofu, leo unafika sokoni ama unafika mbinguni?" Naye aliwajibu kwa utulivu, "Nyinyi tangulieni. Mtaniambia kukoje." Yeye ndiye aliyegundua kwamba kitanda cha pikapu, pale nyuma panapokaa mzigo, kimeanza kuinama na mlango wa kebini haufungi sawasawa. Alikuja kwa mama akiwa ameshika kofia. "Mama Kendi, hii gari inachoka mgongo." Mama akanunua bamba lenye urefu wa kutosha pande zote mbili. Nililiona likishushwa. Nililiruka mara kadhaa nikienda kuteka maji.

Asubuhi ya kazi, bamba lilikuwa fupi.

"Baba Mdogo," nilisema, "hili si refu kama lile."

"Limenywea kwa jua," ulijibu.

Watu waliokuwa wamesimama kuangalia wakacheka. Kumbe kipande kilikuwa kimekwenda kwenye lango la mteja wako mwingine. Siku chache baadaye nilikiona hapo barabarani, kimepakwa rangi ya buluu. Lakini siku ile sikujua. Nilichoona ni kwamba ukikata mshazari, bamba halitafika pale palipolegea. Kwa hivyo ulikata wima. Ukavaa kioo chako, ukaanza kuchomelea mstari mmoja ulionyooka, juu mpaka chini.

"Hujakata pembe," nilisema.

Uliinua kioo ukanitazama, kisha ukawatazama wale watu, ukiwakaribisha. "Mnamsikia huyu? Wewe umesoma fizikia. Mimi nimesoma moto."

Walicheka tena. Mwenda alicheka. Na mimi nilicheka, kwa aibu. Nikaenda kuosha vyombo.

Kama ningedhani kwamba ulikosea kwa haraka tu, nisingeandika barua hii. Fundi hukosea. Kigoda changu bado kinatikisika na mama bado anakikalia. Kilichonifanya nishike kalamu ni Agosti.

Nilikuwa nimefunga shule. Mwenda alikuwa ameenda kumzika jamaa yake, na pikapu ilikuwa imepumzika uani. Ulitandika gunia, ukaingia chini yake uvunguni. Nilikuwa naanua nguo. Niliona miguu yako tu, viatu vyako vya mpira. Miguu hiyo kwa kawaida hucheza ukifanya kazi, lakini siku hiyo ilitulia kabisa. Ulikaa huko muda mrefu bila kugonga kitu. Kisha ukaniita.

"Kendi, niletee lile kopo la rangi nyeusi. Na brashi."

Nililileta. Niliinama nikakupa mkononi. Nikauliza, "Kuna nini?"

"Kutu tu, mwari."

Nikarudi kwa nguo zangu. Baba Mdogo, kopo lile nililileta mimi. Tangu nilipoelewa, nimekuwa nikilibeba kila siku, toka kibandani mpaka kwenye gari, toka kibandani mpaka kwenye gari.

Septemba nilikuwa bwenini. Yaliyotokea nimeyapata kwa Mwenda mwenyewe, kwa hivyo usiniambie ni ya kusikia. Alikuwa na mzigo wa kawaida, akielekea Meru. Alipofika Nchiru alipunguza mwendo kwa sababu ya tuta lililo karibu na vibanda vya wanafunzi. Magurudumu ya mbele yalivuka. Ya nyuma yalipopanda tuta alisikia mlio kama tawi likikatika. Kitanda kikashuka, kebini ikainuka, usukani ukawa mwepesi mkononi kama hauna gari. Mbele yake kulikuwa na wasichana watatu wa chuo wakivuka na chapati zao. Akauvuta usukani wote upande wa mtaro. Pikapu iliingia ubavuni mwa kibanda cha chapati ambacho mwenye nacho alikuwa ametoka kwenda kuchota maji. Hakuna aliyekufa. Mkono wa Mwenda ulivunjika mahali pawili.

Wewe ulifika kwa pikipiki. Uliingia mtaroni ukatazama chini ya gari kabla ya kumtazama Mwenda kwenye machela. Hilo aliliona. Halafu ulirudi Kangeta, na pale wanapopakia, kila mtu akikuuliza, ulitikisa kichwa kwa huzuni ukasema, "Nilimwambia. Chuma hiki si cha mashindano."

Wakashangaa, "Askofu? Mbio?"

"Hata Askofu huonja," ulisema.

Maneno matatu. Yalichekesha, ndiyo maana yalisafiri. Hata shuleni kwetu, msichana wa Maua ambaye baba yake ni dereva alinisimulia kichekesho cha Askofu aliyeonja mbio, bila kujua gari lilikuwa letu.

Mama alikuamini. Angekosaje kukuamini? Ulikuwa mwanamume wa lango lake. Alimpelekea Mwenda uji hospitalini, na alipomaliza kumnywesha akamwambia asirudi kazini. Mwenda hakubishana. Ukitaka kujua ulichomfanyia mtu huyu, sikiliza alichoniambia mwezi huu: "Nilianza kujiuliza kama kweli nilikuwa mbio. Nilikuwa nalala nikihesabu gia. Nikafikiri labda nilisinzia." Ulichukua hata kumbukumbu yake, Baba Mdogo. Alikuwa hapo, mikono juu ya usukani, nawe ulimfanya asijiamini.

Sasa hakuna mwenye gari hapa Kangeta anayempa ufunguo. Mkono wake haunyooki vizuri. Anakaa kwenye kibanda cha miraa pamoja na akina mama, anafunga mabunda. Vijana wakipita humuuliza, "Askofu, hapo umetia gia ya ngapi?" Siku hizi hawaambii tena watangulie.

Nami sina haki ya kujifanya mtakatifu. Nilipokuja nyumbani katikati ya muhula, tulikuwa jikoni, wewe umekaa kwenye kigoda changu na chai yako. Mama aliniuliza, "Kendi, wewe ulikuwapo akichomelea. Ilikuwa kazi nzuri?" Nilikutazama. Ulinitazama juu ya ukingo wa kikombe. Hukunitisha. Ulinitazama tu kama mtu anayejua kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ninachokijua.

Nikasema, "Nadhani."

Wiki mbili baadaye ulihama. Ulimwambia mama kwamba Kiambere kuna kazi nyingi na mashine za huko huko, ukaiacha yako kibandani.

Shule zilipofungwa Novemba, mama alitaka kuiuza pikapu kama chuma chakavu. Nilimwomba aniache niikague kwanza, niifanye kuwa somo langu la likizo. Nilichukua brashi ya waya na grinda uliyoiacha, nikaingia uvunguni. Upande wa kushoto chesisi ilikuwa imekatika kabisa, na mkato ulifuata mstari wako wa kuchomelea kama mtu anayefuata rula. Hilo nililitarajia. Lakini uso wa ule mkato ulikuwa na rangi mbili. Sehemu moja ilikuwa na kutu nyekundu, changa, ya miezi michache. Sehemu nyingine, karibu nusu, ilikuwa nyeusi. Nilidhani ni moshi. Nikakwangua kwa kisu, ikatoka kama ganda.

Rangi. Rangi yako nyeusi, ndani ya chuma, mahali ambapo brashi haiwezi kufika kama chuma ni kizima.

Nilielewa kwa nini miguu yako ilitulia siku ile. Uliuona ufa. Ulikuwa na mashine, ulikuwa na stima, ulikuwa na siku nzima. Ungeweza kuichana kazi yako na kuanza upya, au kumwambia mama tu, "Gari isitoke." Lakini ungelazimika kusema kwa nini. Ukaona ni rahisi zaidi kuupaka ufa rangi na kumpa Mwenda gari lile aliendeshe kati ya watu.

Nilimwita mama. Aliinama, jambo ambalo kwa magoti yake si rahisi, nikamwonyesha kwa tochi ya simu. Aliingia ndani, akabadilisha kitambaa cha kichwa, akaenda kwa Mwenda kwa miguu, nami nyuma yake. Mlangoni kwake alisema, "Mwenda, nimekuja kukuomba radhi, na sijui nianzie wapi."

Mwenda alisema, "Anzia kwa kukaa, Mama Kendi. Huwezi kuomba ukiwa umesimama kama polisi."

Tulimweleza. Tulipofika kwenye rangi aliniomba nirudie. Nikarudia. Akashika mkono wake ule ulioharibika kwa ule mzima, akasema polepole, "Kwa hivyo sikusinzia." Mkewe akatoka nje.

Sasa nifike kwenye furushi lako.

Habari ilikufikia huko Kiambere, na wiki iliyopita Shangazi Karimi aliingia kwetu na furushi la miraa, teule, limefungwa vizuri kwa majani ya mgomba kama desturi yetu inavyotaka mtu anapoomba asamehewe. Aliliweka mezani kwa mikono miwili. "Ndugu yangu anasema yaishe," alisema.

Sisi sote tunajua sheria ya furushi. Anayelifungua amekubali. Kama baba angekuwa hai, lingewekwa mbele yake. Kwa kuwa hayupo, wewe ndiye ungelipokea kwa niaba yetu. Nilitaka kucheka. Mtu pekee katika nyumba hii anayepaswa kupokea furushi lako ni wewe mwenyewe.

"Mama Kendi, lifungue," shangazi alisema. "Litakauka."

"Na likauke," mama alisema.

"Kulirudisha ni vita, unajua."

"Sijalirudisha. Nimesema likauke."

Shangazi akanigeukia. "Wewe umesoma. Mwambie mama yako."

Nilisema jambo ambalo nilikuwa nimelifikiria tangu alipoliweka mezani. Nilisema, "Shangazi, hili limeletwa nyumba isiyo yake. Sisi hatukuvunjika mkono."

Alikunywa chai yake akaenda. Furushi lako lilikaa mezani siku tatu, tukila kando yake. Majani ya nje yalianza kuwa ya kahawia, na harufu ikabadilika. Siku ya nne nilikwenda kumuuliza Mwenda kama angelitaka. Alikuwa akifunga mabunda, hakuinua kichwa. "Mimi miraa nashinda nayo," alisema. "Aje aseme. Pale pale aliposema. Asubuhi, watu wakiwepo. Halafu nitafungua chochote anachotaka."

Hilo tu, Baba Mdogo. Mwenda hajataka polisi, ingawa mkewe amemshauri, na mama pia angekubali. Hajataka ulipe chochote. Anataka maneno yako yarudi kwa kinywa kile kile kilichoyatoa, ili apewe ufunguo tena na mtu fulani kabla hajazeeka akifunga mabunda. Nawe umetuma majani.

Kwa hivyo tumekujibu kwa desturi yako. Nilikata kwa grinda kipande cha chesisi pale ilipovunjika, ukubwa wa kiganja, chenye mstari wako upande mmoja na rangi yako ndani ya ufa. Tulitoa miraa yako iliyokauka, tukampa mbuzi, naye pia hakuipenda. Lakini majani mapya ya mgomba tuliyakata shambani kwako, na mama alikifunga kile chuma mwenyewe, kwa fundo lile lile, kwa adabu yote. Shangazi Karimi amekataa mara mbili kukibeba. Mara ya tatu alipima uzito wake mkononi, akatutazama, akakitia kwenye kikapu pamoja na nakala ya barua hii.

Utakapolipata furushi letu utajua ni zito kupita kiasi. Sheria unaijua. Ukilifungua, umekubali, na ulichokubali ni kuja Kangeta na kusema. Usipolifungua, tutakuwa tumepata jibu, na mashine yako tutaitoa kibandani tuiweke barabarani.

Mimi hasira yangu haijaisha, na sitaki uniombe iishe. Nitakapoingia chuoni, Mungu akipenda, nitasoma habari za vyuma, na kila atakayeniuliza nilijifunza wapi kwanza nitalazimika kukutaja. Hilo linaniuma kuliko yote. Mchoro ulionichorea mchangani ulikuwa sahihi. Ulikuwa unajua.

Pikapu haitauzwa. Mama amenunua bamba jingine, refu, na safari hii nimelilaza chini ya kitanda changu. Upande wa kulia nimekwisha kuumaliza. Mwenda alishika bamba kwa mkono wake mzima, nami nikakata mshazari pande zote mbili, nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaifuata rodi polepole kama ulivyonifundisha. Mwenda aliingia chini akaangalia, akagonga, akasema, "Huyu ng'ombe ameshiba."

Upande wa kushoto, ulikokuwa mstari wako, tumekuachia wewe, wazi. Haujapakwa rangi. Kutu imeanza kuushika, na mvua ya kwetu unaijua. Ukija, njoo kabla haujaharibika. Kioo chako cheusi bado kiko kwenye msumari pale kibandani. Nimekipangusa vumbi, na sikukusudia kukuambia.

Ni mimi, binti wa kaka yako, niliyekuletea kopo,

Kendi